Masika na Vuli ya Waandishi wa Roysambu

Saa kumi na moja jioni, matatu za Barabara ya Thika huanza kushusha watu Roysambu, Zimmerman, Githurai na Kahawa West. Wengi wanaoshuka wametoka kazini mjini na wanapitia kwa mama mboga kabla ya kwenda nyumbani. Katika maghorofa yaliyo nyuma ya vibanda hivyo kuna wapangaji ambao saa hiyo ndiyo asubuhi yao. Wamelala mchana pazia likiwa limefungwa, wameamka saa tisa, wameoga na kunywa chai, na sasa wanafungua laptopu. Wateja wao wako Marekani. Nairobi ikiwa saa kumi na moja jioni, New York ni saa nne asubuhi wakati wa joto na saa tatu wakati wa baridi. Ndiyo saa ambayo mwanafunzi wa ng'ambo anatuma zoezi lililomshinda, mwenye duka la mtandaoni anataka maelezo ya bidhaa, na ofisi ya mawakili inatuma rekodi ya sauti igeuzwe maandishi.

Mtaani wote huitwa waandishi, hata wale ambao kazi yao ni kunukuu sauti au kuweka alama kwenye picha. Nimekaa nao muda wa kutosha kuwaona kuwa jamii kamili. Wana majira yao ya mwaka, wana namna ya kumpokea mgeni, wana makosa wanayoyasamehe na yale wasiyoyasamehe kamwe. Wanaoandika kuwahusu huzungumzia dola. Mimi naona dola zisingewafikisha mbali kama si adabu walizojiwekea wenyewe.

Jamii hii haina umri mkubwa. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Mtu angeshinda saiba kutwa nzima na malipo yake yote yangebaki kwa mwenye saiba. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na baada ya miaka michache faiba ikawa inapita mlangoni mwa bedsita. M-Pesa, ya kupokelea malipo kwa simu, ilikuwepo tangu 2007. Kisha kuna suala la mahali penyewe: Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, USIU iko Kasarani, na JKUAT iko Juja, mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo. Waliohitimu wakakosa ajira hawakurudi kijijini. Walibaki katika vyumba walivyopanga wakiwa wanafunzi, na Kiingereza walichosomeshwa tangu shule ya msingi kikawa mtaji. Serikali ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital, wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, mwaka 2016, wakongwe wa Roysambu walikuwa wameshafundisha kizazi cha pili.

Mwaka wao una misimu miwili. Vyuo vya Marekani hufunga muhula mmoja Desemba na mwingine Mei, kwa hiyo oda humiminika Oktoba na Novemba, zikakatika kabla ya Krismasi, kisha zikarudi Machi na Aprili. Mkulima wa Murang'a hahitaji kuelezwa kalenda hii, maana ni vuli na masika yake mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Mvua ikinyesha Githurai mpaka barabara zigeuke matope, ndipo waandishi wanavuna.

Katika msimu wa kazi hakuna anayepanga harusi. Mwandishi akialikwa matanga ya mtu wa mbali hutuma mchango na kuomba radhi, na wenzake humtetea. Watu wa jengo moja huchanga pesa za chakula, mmoja akapika kwa zamu ili wengine wasiinuke. Mama anayeuza chapati na madondo karibu na steji anajua kwamba Novemba wateja wake watafika hadi usiku wa manane, naye hukanda unga zaidi. Juni ikifika, kila kitu hugeuka. Simu zinanyamaza, oda zinakuwa za kugombaniwa, na mtu mwenye busara ni yule aliyelipa kodi ya nyumba mapema, fedha zilipokuwepo. Ndio wakati wa kwenda ushago kuwaona wazazi, kupeleka posa, kutibiwa macho na mgongo. Baadhi ya keyateka wa majengo wameshaijua kalenda hii. Kuna wanaokubali kusubiri Julai kwa sababu wanakumbuka mpangaji alivyolipa Aprili.

Mgeni huingia katika kazi hii kwa kuletwa. Binamu, rafiki wa bwenini au mdogo wa mtu anapewa godoro la sakafuni, na kwa wiki za mwanzo haandiki chochote kinachotumwa kwa mteja. Anasoma kazi za mwenyeji wake. Anapanga marejeo kwa mtindo wa APA, kisha anafundishwa MLA iko vipi na Chicago iko vipi. Anazoeshwa kuacha tahajia ya Uingereza aliyokuzwa nayo, maana mteja wa Marekani akiiona huanza kushuku. Ukurasa kwao ni maneno 275, na punde si punde mgeni huyu anaweza kutazama andiko akakwambia ni kurasa ngapi bila kuhesabu. Siku akipewa oda yake ya kwanza hulipwa kwa ukurasa, shilingi mia tatu au zaidi kidogo, na mwenyeji hubakiza sehemu yake. Kubakiza si kosa, kosa ni kuficha kiasi. Nimesikia watu waliokuwa kama ndugu wa damu wakikosana kabisa kwa sababu mmoja aligundua, miezi baadaye, bei halisi ambayo mteja alikuwa analipa. Anayefundishwa naye ana deni, na halilipwi kwa fedha. Akishasimama anatarajiwa kumtandikia mwingine godoro.

Jambo linaloniuma katika maisha haya ni jina. Zipo tovuti za kazi zinazomkataa anayejisajili kutoka Kenya, na nyingine zimejaa hata hazipokei wapya. Kwa hiyo akaunti imekuwa mali. Inauzwa, inakodishwa, inarithishwa ndani ya ukoo. Anayefanya kazi kwa akaunti ya mwingine husifiwa kwa jina lisilo lake. Mteja akiandika kwamba hajawahi kupata mtu makini namna hii, sifa zinakwenda kwa mwenye akaunti, aliyelala. Baada ya miaka ya kazi kama hiyo mtu hana hata mstari mmoja wa kumwonyesha mwajiri. Na makato yanapangana juu ya jasho lake. Upwork, kwa mfano, ilikuwa ikikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, mpaka ilipoweka kiwango kimoja cha asilimia 10 mwaka 2023. Baada ya tovuti anakuja mwenye akaunti, kisha kampuni ya kutuma fedha, kisha kiwango cha kubadilisha dola. Aliyekesha ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Makubaliano haya yote ni ya mdomo. Hakuna karatasi, na hakuna mahakama utakayoiambia kwamba ulidhulumiwa oda kupitia akaunti ambayo kwa kanuni za tovuti hukupaswa kuitumia. Kilichobaki ni sifa ya mtu. Asiyelipa wenzake hutangazwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, jina lake, picha yake, wakati mwingine hata nambari ya simu, na ujumbe huo husambazwa kutoka kundi moja hadi jingine mpaka umfikie yule aliyetaka kumpa kazi kesho yake. Ni adhabu kali, na wapo waliochafuliwa bila kosa. Nafikiri wakongwe wanapaswa kusikiliza pande zote kabla ya kuruhusu picha ya mtu ipite, na katika baadhi ya makundi wameanza kufanya hivyo: mlalamikaji anatakiwa kuleta mazungumzo yote, si vipande alivyovichagua.

Adabu ninayoipenda kuliko zote ni ya siku stima ikipotea. Kazi ikichelewa, alama za akaunti hushuka, na alama zikishuka oda hukoma. Hivyo umeme ukikatika Zimmerman, simu hupigwa hapo hapo kuuliza kama Kahawa Wendani iko sawa, na utaona vijana wakivuka mitaa usiku, laptopu ndani ya koti, wakielekea kwa mtu ambaye pengine wanamjua kwa jina la WhatsApp tu. Mlango haufungwi kwa mwandishi mwenye dedilaini. Anaonyeshwa soketi, anapewa nywila ya waifai, na haulizwi ataondoka saa ngapi. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa, hapakuwa na mtaa wa kukimbilia. Wenye betri za akiba na solari ndio waliokuwa na wageni.

Siwezi kuandika kuhusu jamii hii nikaruka suala la kuwaandikia wanafunzi kazi zao za masomo. Waandishi wenyewe hulijadili usiku, na hawakubaliani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara ya huduma hiyo kuwa kosa la jinai. Mimi naiona ni kazi mbaya. Humnyima mwanafunzi elimu aliyoilipia, na humfanya kijana aliyesoma kwa shida auze maarifa yake kwa kificho. Lakini naikataa lawama inayomwangukia mwandishi peke yake, huku aliyenunua akivaa joho. Yule binti anayeandika kurasa kumi za uuguzi kwa usiku mmoja angeweza kuwa anasomea uuguzi mwenyewe kama karo ingepatikana.

Kazi hiyo nayo imetikiswa. ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na masika ya 2023 yakaja na oda haba. Wengi waliingia katika kazi za kufundisha mashine: kuchora mistari kuzunguka magari kwenye picha, kupanga maneno, kusoma matusi na ukatili ili programu ijifunze kuvikwepa. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walifanya kazi ya aina hiyo kwa ajili ya OpenAI wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Siku ya wafanyakazi, Mei 1 mwaka huo, zaidi ya wafanyakazi 150 wa nyanja hiyo walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama cha kutetea haki zao. Machi 2024 Remotasks, tovuti iliyotoa kazi kama hizo, ilijiondoa Kenya, na waliokuwa wakiitegemea wakakuta akaunti zao hazifunguki.

Nyumbani kwa wazazi maelezo ni magumu zaidi. Nilikuwa katika msafara wa posa Kiambu, wa kijana mwandishi, na wazee wa upande wa binti wakauliza kijana ameajiriwa na nani. Msemaji wetu akasema, "Wazee wetu, huyu amejiajiri. Anawaandikia watu wa ng'ambo." Wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Na hao wa ng'ambo hulipa mwisho wa mwezi?" Kijana akajibu mwenyewe kwamba hulipa kila kazi ikiisha, na kwamba ana kiwanja Juja. Kiwanja ndicho kilichoeleweka. Ndiyo sababu vyama vya waandishi, vile vya kuchangishana kila wiki, havikai na fedha taslimu. Hununua ardhi kuelekea Juja na Ruiru, hufuga kuku, hununua bodaboda na kuikabidhi kwa dereva. Akaunti inaweza kufungwa usiku mmoja bila maelezo. Hati ya kiwanja ina jina lako.

Na akaunti ya mwanachama ikifungwa kweli, utaratibu katika chama ninachokijua ni huu: jioni hiyo hiyo kila mwenzake humkatia oda moja au mbili kutoka zake, kwa bei kamili ya ukurasa, bila mtu kubakiza chochote. Inaendelea hivyo mpaka apate akaunti nyingine au msimu uishe. Mwaka jana waliongeza kifungu. Anayesaidiwa hivyo akipata akaunti, sharti aifungue kwa kitambulisho chake mwenyewe, hata kama itamchukua muda mrefu kupata mteja wa kwanza, na chama kitamlipia bando ya miezi hiyo. Kuna waliopinga, wakisema njaa haisubiri. Kifungu kilipita, na hadi sasa wawili wameshakitumia.