Jino la mtoto liking'oka, usilifunge kwenye kitambaa



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mama mmoja aliingia zahanati akiwa na mwanawe wa miaka 9. Jioni ile, watoto walipotoka madrasa, kijana alijikwaa akaangukia kidevu kwenye ngazi. Jino la mbele, la juu, likang'oka zima na mzizi wake. Bibi yake aliliokota kwenye tope, akalisugua kwa sabuni na brashi kwa kuwa lilikuwa na damu, akalifunga vizuri kwenye kipande cha khanga.

“Daktari, si litarudi?” aliniuliza yule mama.

Nilimwandikia rufaa kwenda kwa daktari wa meno, lakini moyoni nilijua kuwa nafasi nzuri imeshapita. Bibi yule hakufanya uzembe. Alifanya kila alichokijua, ila hakuna aliyewahi kumfundisha. Ndiyo sababu ya makala haya.

Juu ya mzizi wa jino kuna utando mwembamba wenye chembe hai, ambao ndio huliunganisha jino na mfupa wa taya. Jino likikaa kavu, chembe hizo huanza kufa. Likirudishwa ndani ya nusu saa, matumaini ni makubwa. Likikaa kavu zaidi ya saa moja, nyingi huwa zimekufa. Kulisugua huziondoa kabisa.

Basi mambo haya yafanyike hapo hapo penye ajali:

1. Mtazame mtoto kwanza. Akiwa amezimia, anatapika au amechanganyikiwa, mkimbize hospitali. Hilo lina haraka kuliko jino.

2. Litafute jino. Lishike sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Usiguse mzizi.

3. Likiwa chafu, lisuuze kidogo tu kwa maziwa au maji ya dripu yenye chumvi. Yakikosekana, tumia maji safi kwa sekunde chache. Usitumie sabuni, spiriti wala brashi.

4. Lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele ukiwa mbele, ulisukume taratibu. Kisha mtoto aume kitambaa safi kulishikilia.

5. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa freshi ya baridi, siyo mtindi. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe safi na jino liwekwe humo. Usiliache kavu, wala usiliweke kwenye maji ya kawaida kwa muda mrefu.

6. Nenda kwa daktari wa meno muda huo huo, usingoje asubuhi. Hata kama saa zimepita, nenda nalo, yeye ndiye ataamua. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Meno ya utotoni hayarudishwi, kwani kuyasukuma huweza kuumiza jino la ukubwani linaloota chini yake. Mtoto wa chini ya miaka 6 kwa kawaida meno yake ya mbele ni ya utotoni. Mpeleke akaangaliwe tu. Aliyezimia, au mwenye maradhi makubwa ya moyo, naye asirudishiwe jino nyumbani. Liwekwe kwenye maziwa.

Jino likivunjika kipande, kitafute na ukiweke kwenye maziwa au maji, maana mara nyingi daktari huweza kukigandisha. Ukiona doa jekundu katikati ya jino lililobaki, kiini kimefunuliwa, basi nenda siku hiyo hiyo. Kipande au jino lisipoonekana na mtoto anakohoa au anapumua kwa shida, huenda ameliingiza kifuani. Hiyo ni dharura. Kwa maumivu mpe parasetamo kwa kipimo cha umri wake. Usimwekee aspirini kwenye fizi, huunguza.

Wapo wanaouliza kama jino lililong'oka ni najisi. Tuliyosomeshwa katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni kuwa mwili wa mwanadamu ni tohara, na kilichotengana naye hufuata hukumu hiyo. Najisi ni ile damu, nayo huondoka kwa kusuuzwa. Tukumbuke pia Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatika pua vitani. Aliweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wanazuoni wakaichukua habari hiyo kuwa hoja ya kujuzisha kufunga meno kwa dhahabu. Basi kulirudisha jino la mtu mwenyewe lina ubaya gani?

Daktari akishalirudisha, hulifunga kwenye meno jirani kwa takriban wiki 2. Muda huo mtoto ale vyakula laini kama uji na wali, asicheze mpira, na apigwe mswaki laini baada ya kila mlo. Asikose kurudi kliniki kila anapotakiwa, kwani mzizi nao huhitaji matibabu.

Maustadhi wetu, hili linawahusu. Jueni ni duka gani jirani na madrasa linauza maziwa, na ni hospitali gani ina daktari wa meno. Wazazi, wasomeeni mabibi na wadada wa kazi makala haya, maana mara nyingi wao ndio huwa na watoto. Yule kijana wa miaka 9 alikuwa na maziwa nyumbani kwao jioni ile ile.

Wabillahi tawfiq.