Mbweha wa Lambwe Si Yule wa Vitabuni

Watoto wetu wa pwani humjua mbweha kwa picha za vitabuni: mwekundu, mjanja, mwenye mkia wa manyoya mengi na ncha nyeupe. Familia ikihamia Homa Bay au Migori kwa kazi au biashara, mtoto akaona jioni kiumbe mfano wa mbwa akikatiza kando ya shamba la miwa, naye ana ncha nyeupe mkiani, hukimbilia kwa mamake na kusema amemwona mbweha. Jina hajalikosea, ila mnyama siye. Yule mwekundu haishi Kenya; ndugu zetu walioko Omani ndio wamwonao.

Wa ukanda wa Ziwa Victoria ni bweha miraba, wa rangi ya kijivu, mwenye mstari mweupe ubavuni. Hupenda mahali penye nyasi ndefu, vichaka na maji, kama lile bonde la Lambwe lenye Hifadhi ya Ruma, inayojulikana zaidi kwa korongo, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma. Hutembea usiku, aghalabu dume na jike pamoja, wakila panya, wadudu, mizoga na hata matunda. Kuku asiyefungiwa naye huenda akaingia katika hesabu hiyo.

Mashariki ya Migori, katika mbuga wazi za Maasai Mara, yuko mwingine aitwaye bweha masikio. Huyu ni mdogo, kilo tatu hadi tano, na masikio yake makubwa humwezesha kusikia mchwa wakitembea. Ana meno 46 hadi 50, na yote hayo ni ya kutafunia wadudu! Lililotupendeza zaidi ni malezi yake: usiku mama huenda kutafuta chakula apate maziwa, na baba ndiye abakiye pangoni akiwalinda watoto. Akina baba wasomao ukurasa huu wasije wakaukunja hapa.

Kuwatofautisha si jambo la udadisi tu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, thaalabu, yaani yule wa vitabuni, ni miongoni mwa walioruhusiwa kuliwa, na ibn awa amekatazwa. Lugha yetu huwaita wote wawili mbweha. Bweha miraba ni wa jamaa ya ibn awa. Kuhusu bweha masikio tunawaachia mashekhe. Hata hivyo uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, basi swali hilo halifiki chunguni.

Linalofika mlangoni ni kichaa cha mbwa. Bweha huambukizwa kama mbwa. Bweha wa kawaida humkimbia mtu. Akija mchana bila woga, akiyumba au akitokwa na mate mengi, watoto waingizwe ndani upesi. Aliyeumwa au kukwaruzwa, jeraha lake lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe, ijapokuwa jeraha ni dogo. Asisubiriwe mpaka augue, kwani dalili zikishaonekana ni nadra mno mtu kupona. Mbwa wa nyumbani nao wachanjwe kila mwaka.

Kuku walazwe bandani kabla ya magharibi, na mlango ufungwe kwa komeo. Nyama yenye sumu isitegwe kamwe: paka wa jirani huila, tai huila, na mtoto atambaaye huenda akaiokota.