Kushusha gari kuukuu kwa bajeti ndogo: pesa zianzie wapi

Corolla, Sunny na Starlet za miaka ya 1990 bado ni nyingi katika mitaa ya Mombasa, na vijana wengi wanaozimiliki wana hamu moja: gari likae chini. Hamu hiyo si mbaya, na kazi yenyewe inawezekana bila kumhatarisha mtu. Shida huanza pesa zinapokuwa chache. Hapo fundi wa haraka huitoa springi, akaikata kwa grinda au kwa moto wa gesi, akairudisha, na gari likashuka siku hiyo hiyo bila kununua speya hata moja. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo ya kuepukwa kabisa.

Ili kuelewa sababu, tutenganishe kazi za vifaa viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Springi hubeba uzito wa gari. Shoki, ambayo wengine huiita shokomzoba, haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya gurudumu kupita kwenye shimo au tuta. Kiwandani viwili hivi huoanishwa, urefu na ugumu wa springi hii kwa shoki ile. Ukibadilisha kimoja, umegusa na cha pili.

Springi iliyokatwa huwa fupi, lakini pia huwa ngumu zaidi. Chukua springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi. Ukiondoa mmoja, iliyobaki ni ngumu kwa asilimia 20 kuliko ilivyokuwa. Shoki ya zamani haikutengenezwa kuituliza springi ya namna hiyo, kwa hiyo gari hudundadunda na tairi huachana na lami kidogo kila linapokutana na barabara mbovu. Tairi isiyogusa barabara haiwezi kusimamisha gari wala kulipindisha.

Ncha ya springi nayo ina umbo maalumu linaloikalisha vizuri kwenye kikalio chake. Ukiikata, kinabaki kisiki kisichokaa sawa. Halafu kuna jambo ambalo halionekani gari likiwa limesimama: gurudumu linapoanguka ndani ya shimo, shoki hunyooka mpaka mwisho wake, lakini springi iliyokatwa haifiki huko. Inalegea, inaweza kuhama mahali pake, na uzito wa gari ukirudi inabanwa ikiwa imekaa upande. Fikiria hilo likitokea kwenye daraja la Nyali, magari yakiwa mbele, nyuma na ubavuni. Moto wa gesi ni mbaya zaidi. Chuma cha springi hupata nguvu zake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa utaratibu kiwandani. Ukikipasha upya ovyo, sehemu hiyo hulainika na kuzama, au hukakamaa na siku moja ikavunjika.

Basi shilingi za kwanza ziende wapi? Ziende kwa shoki na bushi, kabla hata ya kuwaza springi mpya. Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu kisha uachilie. Likipanda mara moja na kutulia, shoki bado ina uhai. Likiendelea kucheza, imekwisha. Chungulia pia kama mafuta yamevuja mwilini mwake. Bushi zilizopasuka na boljointi zenye mchezo zibadilishwe wakati huo huo, kwa sababu gari lililoshushwa juu ya vifaa vilivyochakaa huwa bovu kuliko lilivyokuwa, na utamlipa fundi mara mbili kwa kufungua mahali pale pale. Wala usishangae: baadhi ya magari yanayosifiwa mtaani kwa kukaa chini hayakushushwa na mtu yeyote. Springi zao zimechoka tu.

Baada ya hapo, chaguo linalofaa bajeti ndogo ni seti ya springi fupi zilizotengenezwa mahususi kwa muundo wa gari lako. Linganisha kwa alama ya muundo iliyo kwenye kibao cha gari, kwa mfano AE100 au AE110 kwa Corolla, badala ya kukisia kwa macho dukani. Ushukaji wa milimita 25 hadi 30 kwa kawaida huvumiliwa na shoki nzima za urefu wa kiwandani. Ukitaka zaidi ya hapo, ni lazima ununue shoki fupi pia, la sivyo ile ya zamani itakuwa ikigonga kizuizi chake cha mpira kila mara na kufa mapema. Kama pesa haitoshi kwa vyote viwili, shuka kidogo, au subiri mwisho wa mwezi mwingine.

Speya za mitumba kutoka Japani ni nafuu na nyingine ni nzuri sana, lakini zikague mwenyewe. Isukume fimbo ya shoki ndani kisha uivute nje: inapaswa kukaza njia nzima, bila sehemu iliyolegea na bila sauti ya kugonga. Springi iliyoliwa na kutu mpaka ikafanya vishimo irudishe kwa mwenye duka, hata akikupunguzia bei. Nunua kwa jozi, kulia na kushoto za aina moja.

Vijana wengi huniuliza kuhusu koilova, zile shoki zenye uzi wa kupandisha na kushusha springi. Ni kifaa kizuri kikiwa cha hali nzuri. Lakini hapa Pwani hewa ya chumvi huugandisha uzi huo haraka kama hausafishwi na kupakwa grisi, na koilova iliyoganda ni springi fupi ya bei ghali. Kwa bajeti ndogo, maoni yangu ni kwamba zisubiri.

Wenye pikapu zenye springi za bapa wana njia yao, ya kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ya nyuma pamoja na boliti ndefu zaidi za kufungia. Vipande visipangwe kimoja juu ya kingine. Zaidi ya hayo, pikapu nyingi zina vali ya breki inayopima mzigo kwa kimo cha sehemu ya nyuma. Ukiishusha bila kuirekebisha vali hiyo, itadhani gari limebeba mzigo, itaongeza nguvu ya breki nyuma, na magurudumu yanaweza kujifunga na kuteleza siku ya mvua.

Je, gari lishuke kiasi gani? Jaza abiria wote kwanza, kisha pima kutoka chini hadi sehemu inayoning'inia zaidi, ambayo mara nyingi ni egzosi. Hicho ndicho kimo utakachoenda nacho juu ya matuta ya mtaani kwenu. Wanaovuka Likoni wanajua kwamba maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na bampa ya mbele ndiyo hukwaruzwa. Wakati wa masika, gari la chini ndilo la kwanza kuingiza maji.

Siku ya kufunga, kataa fundi anayefungua nati ya juu ya shoki bila kuibana springi kwa kifaa chake maalumu. Springi iliyobanwa ikifyatuka humvunja mtu taya, na imeshaua mafundi. Boliti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini; zikikazwa likiwa kwenye jeki, mpira hubaki umejisokota na kupasuka upesi. Kisha gari lipelekwe alaimenti, kwa kuwa kushuka hubadili pembe za magurudumu na tairi hulika upande wa ndani. Pesa ya alaimenti iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Taa za mbele nazo zipimwe upya.

Barabara za kaunti na maegesho ni kazi ya Serikali ya Kaunti, lakini ukaguzi wa magari uko chini ya NTSA, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Ijulishe pia kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo, kwa maandishi. Unapochagua fundi, muulize kama ana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA. Wapo mafundi wengi wa jua kali walio nacho, na hawaoni haya kukionyesha.

Kabla ya kazi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na uandike. Pima tena siku gari linapotoka gereji, na mara ya tatu baada ya wiki mbili, kwa sababu springi mpya hutulia kidogo. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake, lirudishe kwa fundi siku hiyo hiyo, na boliti zote zikaguliwe tena.