Kiwango cha Upoaji wa Plagi katika Injini ya Supachaja Iliyoongezwa Nguvu: Misingi ya Uteuzi na Suala la Istilahi

Ikisiri

Plagi ni kifaa kidogo, lakini kosa katika uteuzi wake huweza kutoboa pistoni ya injini yenye supachaja. Makala haya yanaeleza namna joto linavyoondoka katika plagi, kwa nini plagi baridi zaidi huhitajika shinikizo la hewa linapoongezwa, na mipaka ya uteuzi huo. Injini ya V6 ya lita 3.8 ya General Motors, maarufu kwa jina la L67, imetumiwa kama mfano. Aidha, makala yanaonesha kwamba nambari za watengenezaji hupanda kuelekea pande zinazopingana, na kwamba istilahi "kiwango cha joto" huficha hatari hiyo. Inapendekezwa istilahi "kiwango cha upoaji" itumike katika ufundishaji.

1. Utangulizi

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki ya injini. Kazi yake ni kuingiza katika silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni ingeivuta yenyewe. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huungua na nguvu huongezeka. Katika Afrika Mashariki teknolojia hii si ngeni. Magari kama Mercedes-Benz C 200 Kompressor yamo katika barabara za miji mikuu.

Mmiliki anayetaka nguvu zaidi huanza kwa kubadili puli ya supachaja na kuweka ndogo zaidi. Supachaja huzunguka kwa kasi zaidi na shinikizo hupanda. Plagi, au buji kama inavyoitwa na mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa, mara nyingi huachwa ilivyokuwa. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

2. Namna joto linavyoondoka katika plagi

Ipo dhana kwamba plagi "ya moto" hutoa cheche kali kuliko plagi "baridi". Dhana hiyo si sahihi. Nguvu ya cheche hutokana na koili. Umoto na ubaridi wa plagi huhusu njia ambayo joto la mwako hupitia likitoka.

Ncha ya kauri inayozunguka elektrodi ya kati hupokea joto la mwako moja kwa moja. Joto hilo husafiri ndani ya kauri hadi lifike mahali kauri inapogusana na ganda la chuma, kisha huingia katika silinda hedi na hatimaye katika maji ya kupozea injini. Ncha ikiwa ndefu, safari ni ndefu na joto hukaa. Hiyo ndiyo plagi ya moto. Ncha ikiwa fupi, joto huondoka upesi. Hiyo ndiyo plagi baridi.

Ncha inatakiwa kufanya kazi kati ya mipaka miwili. Chini ya takriban nyuzijoto 450 za selsiasi, masizi hayaungui bali hujikusanya juu ya kauri, umeme huvujia humo na injini hukosa kuwaka sawasawa. Juu ya takriban nyuzijoto 800 hadi 850, ncha yenyewe huwa kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Uwakaji huo wa mapema ni tofauti na kugonga kwa injini, ambako hutokea baada ya cheche, ingawa kimoja huweza kuzaa kingine. Uwakaji wa mapema huilazimisha pistoni kupanda dhidi ya gesi zinazoungua, na huweza kuitoboa kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo makosa mawili ya uteuzi hayalingani: plagi iliyo baridi mno huleta usumbufu, ilhali iliyo moto mno huua injini.

3. Mfano wa injini ya L67

Injini ya L67 ilifungwa katika magari kama Pontiac Grand Prix GTP na Buick Regal GS kuanzia miaka ya 1990. Ilikuwa na supachaja ya Eaton M90, uwiano wa mgandamizo wa 8.5 kwa 1, na nguvu farasi 240. Haikuwa na kipozahewa kati ya supachaja na silinda. Puli ya kiwandani ilikuwa na kipenyo cha inchi 3.8, na wapenda magari wa Marekani walizoea kuibadili kwa ya inchi 3.4. Badiliko hilo peke yake huongeza kasi ya supachaja kwa takriban asilimia 12.

Athari yake huweza kukadiriwa. Ikichukuliwa kwamba hewa ya nje ina nyuzijoto 27, ufanisi wa supachaja ni asilimia 60, na shinikizo la ziada linapanda kutoka kilopaskali 55 hadi 75, hewa inayoingia katika injini hupanda kutoka takriban nyuzijoto 93 hadi 113. Hewa hiyo ni nyingi zaidi, na pia ina joto zaidi hata kabla ya mgandamizo wa pistoni.

Mwongozo wa NGK hushauri kushuka hatua moja kuelekea ubaridi kwa kila nguvu farasi 75 hadi 100 zinazoongezwa, na hueleza kuwa hatua moja hubadili joto la ncha kwa takriban nyuzijoto 70 hadi 100. Kwa puli ndogo pekee, basi, hatua moja hutosha. Anayeshuka hatua tatu kwa hofu atapata plagi iliyojaa masizi katika msongamano wa magari mjini.

4. Athari ya mwinuko

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda wenye miji ya pwani na ya nyanda za juu. Supachaja inayoendeshwa kwa mkanda huzidisha shinikizo la hewa iliyopo kwa uwiano unaokaribia kuwa thabiti. Haifidii upungufu wa hewa milimani. Jijini Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni takriban 101. Kwa uwiano wa 1.74, injini ile ile hupata takriban kilopaskali 143 Nairobi na 176 Mombasa, yaani ongezeko la asilimia 23. Plagi iliyojaribiwa na kuonekana salama Nairobi au Kigali haijathibitishwa kuwa salama Mombasa au Dar es Salaam. Uteuzi ufanywe kwa kuzingatia mahali pa chini kabisa ambapo gari litafika.

5. Nambari zinazopingana

Kwa NGK na Denso, nambari ikipanda plagi huwa baridi zaidi: NGK BKR7E ni baridi kuliko BKR6E. Kwa Bosch na Champion, nambari ikipanda plagi huwa moto zaidi: Bosch FR5 ni baridi kuliko FR7. Fundi aliyezoea NGK 6, akinunua Bosch 7 kwa kudhani ameshuka hatua moja kuelekea ubaridi, hakuongeza upoaji hata kidogo, kwa kuwa katika orodha za ulinganisho BKR6E huwekwa sambamba na FR7DC.

Istilahi "kiwango cha joto" huchangia kosa hilo, kwani msomaji hutarajia kwamba kiwango kikubwa ni joto jingi. "Kiwango cha upoaji" hutaja kazi yenyewe, yaani kuondoa joto, na humlazimu mwalimu kueleza nambari ya kila mtengenezaji inaelekea wapi.

6. Mwanya na metali

Shinikizo likipanda, cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka. Mwanya wa kiwandani wa L67 ni inchi 0.060, sawa na milimita 1.5. Shinikizo linapoongezwa mwanya hupunguzwa kidogo kidogo mpaka injini iache kukosa moto chini ya mzigo mzito. Elektrodi nyembamba za iridiamu huhitaji volti pungufu na hudumu. Zile za nikeli zenye kiini cha shaba ni rahisi kwa bei lakini huisha mapema. Katika L67 kila koili huhudumia plagi mbili, na cheche za plagi hizo huelekea pande zinazopingana. Kwa sababu hiyo, plagi yenye metali ngumu kwenye elektrodi moja tu huliwa upande wa pili.

Baada ya jaribio chini ya mzigo, plagi hufunguliwa na kusomwa. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu huashiria hali nzuri. Masizi makavu meusi huashiria ubaridi au petroli iliyozidi. Kauri nyeupe yenye malengelenge au chembe za alumini ni onyo kwamba injini isiwashwe tena kabla ya marekebisho.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uteuzi wa plagi ni uamuzi kuhusu mahali joto litakapokwenda. Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vyombo vya istilahi, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vifikirie kusanifisha istilahi "kiwango cha upoaji" pamoja na "plagi" na kisawe chake "buji". Pili, mitaala ya ufundi wa magari iwe na jedwali la ulinganisho linaloonesha kwa mshale upande wa ubaridi kwa kila mtengenezaji. Tatu, miongozo ya ukaguzi wa magari yaliyoongezwa nguvu izingatie tofauti ya mwinuko kati ya bara na pwani, kwa sababu gari huvuka mipaka kwa siku moja, na injini haijui imepimwa wapi.