Kabla ya Kulipia Nyumba Mombasa, Uliza Bahari Itakuwa Wapi

Ukutani mwa jiko la nyumba moja ya kukodi huko Bamburi, juu ya mtungi wa gesi, kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyojaa maandishi ya kalamu nyekundu. Jina la mgeni, idadi ya watoto, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Lakini kwenye pembe ya kila siku kuna tarakimu nyingine, ndogo, isiyohusiana na pesa. Ni tarehe ya mwezi mwandamo.

Aliyeiandika ni mama wa makamo ambaye riziki yake ni kusimamia nyumba za watu. Wenyewe wako Nairobi, wengine ng'ambo. Yeye ndiye anayefua mashuka, kupokea wageni usiku wa manane na kuvutana na fundi pampu inapogoma. Hataki jina lake litajwe, kwa kuwa nyumba si zake na baadhi ya ushauri anaoutoa huwanyima wenye nyumba wateja. Mtu akimpigia simu kuulizia nafasi, hamuulizi ana bajeti ya kiasi gani. Humuuliza watoto wana umri gani, familia inasafiri kwa nini, na inakuja lini hasa.

Hiyo tarehe ndiyo anayoipigia hesabu. Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya hizo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Mvuvi hahitaji kuelezwa. Wanalolikosa watu wa bara ni saa: siku za bamvua, Mombasa hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo saa ileile familia imemaliza chai, imepakana mafuta ya jua na kushuka ufukweni na ndoo za plastiki. Inakuta mchanga, mwani na vidimbwi. Bahari yenyewe iko kule mbali, kwenye mwamba, na kurudi kwake ni alasiri. Wiki moja baadaye, saa hizohizo, mahali pale pale, maji yamejaa.

Baba mmoja aliwahi kumdai arudishiwe pesa. Picha alizotumiwa zilionyesha maji ya samawati hadi karibu na ukuta; alipofungua dirisha asubuhi ya kwanza akaona watu wakitembea kwa miguu mahali ambapo picha ilikuwa na mawimbi. Mama huyu hakumlaumu. Picha za nyumba hizi zote, anasema, hupigwa maji yakiwa yamejaa.

Wala kupwa si hasara kwa kila mtu. Ukanda wa Nyali hadi Bamburi na Shanzu umekingwa na mwamba wa matumbawe, hivyo maji yanapoondoka huacha nyuma vidimbwi vyenye joto, vingine vikimfikia mtu mzima kwenye vifundo tu. Ndani yake mna kaa wa kila namna, viti vya pweza, jongoo bahari na visamaki vyenye mistari vinavyojificha chini ya jiwe mtoto akiinamisha kivuli chake. Mtoto wa miaka minne hukaa humo asubuhi nzima bila mzazi kuwa roho juu. Kwa hiyo familia yenye watoto wadogo yeye huipeleka Bamburi, jirani na ufukwe wa umma, na huipangia siku za bamvua kwa makusudi. Familia yenye vijana wanaotaka kuogelea asubuhi huiambia isogeze safari kwa juma moja, au ikodi Nyali kwenye jengo lenye bwawa.

Masharti yake ni mawili. Viatu vya plastiki kwa kila mguu, mkubwa na mdogo, kwa sababu wadudu weusi wenye miiba mirefu wamejaa kwenye mawe. Na asiyejua saa ya maji kugeuka asitembee kuelekea mwambani, maana siku za bamvua bahari hairudi polepole.

Swali la usafiri hulimaliza kwa haraka zaidi. Treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi huteremsha abiria Miritini usiku, na Miritini iko bara, magharibi ya kisiwa. Anayekwenda Nyali kutoka hapo atapita Changamwe, avuke Makupa, akate kisiwa kizima, kisha avuke Daraja la Nyali. Mtoto aliyelala, mabegi matatu na foleni: mama huyu anaona ni heri usiku wa kwanza ulaliwe kisiwani, Ganjoni au Tudor. Kukikucha, watoto watembezwe barabara ya Mama Ngina wakale mihogo ya kukaanga na kunywa madafu huku wakitazama meli kubwa zikiingia Kilindini. Likoni ni nafuu kwa mfuko, na anayevuka kwa miguu halipi kitu kwenye feri, lakini familia itakayovuka kila siku na kigari cha mtoto katikati ya umati wa saa za kazi ijue mapema inajiingiza wapi.

Mji wa Kale anaupenda kuliko kote, na ndiko anakopeleka watu wachache zaidi. Ngazi za nyumba zile ni nyembamba na za kusimama. Mtoto anayeanza kutambaa hapaswi kuwa karibu nazo. Tena hakuna ufukwe wa kuogelea. Ila kwa watoto waliopevuka kidogo, wa miaka kumi hivi, anaona hakuna mtaa wa kuufananisha nao: vichochoro visivyopitisha gari, mahamri na mbaazi ya asubuhi, na Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iko umbali wa matembezi mafupi kabla jua halijawa kali.

Kuna jambo moja ambalo kalenda yake hailitatui. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani vidimbwi vyote vile ni mali ya kila Mkenya. Kuvifikia ndiko kazi. Nyumba hutangazwa kuwa hatua chache kutoka baharini, mgeni akifika anakuta kichochoro cha kuteremkia kimewekwa lango na mlinzi, na inambidi azunguke kuta za watu hadi njia nyingine. Nani aliyeruhusu lango hilo? Mama huyu ameuliza zaidi ya mara moja, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mwingine.

Halafu kuna maji ya kunywa na kuoga. Kwenye mitaa ambako mfereji hukauka kwa siku kadhaa, wenyeji hununua mitungi kwenye mkokoteni huku bwawa la jengo la jirani likijazwa na boza. Yeye mwenyewe anaishi Tudor na hupanda matatu mbili kufika kazini, kwa kuwa kodi ya mwezi karibu na nyumba anazozisimamia imemshinda. Zamani alikuwa mpangaji huko huko. Mwenye nyumba aliona kulaza wageni wa siku mbili mbili kunalipa kuliko kumweka mtu wa mwezi.

Likizo ya Agosti huangukia wakati wa kusi, upepo unapokuwa mwingi na mwani ukirundikana mchangani. Ya Desemba huja na kaskazi, bahari ikiwa tulivu na bei zikiwa juu. Jedwali la maji kujaa na kupwa hutolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Litazame kabla ya kutuma malipo ya kwanza, na umwombe mwenye nyumba akutumie picha ya lango la kwenda ufukweni, likiwa wazi.