Kimondo Kilichopita Juu Yetu

Jioni moja tulikuwa tumeketi uani pamoja na watu wa nyumbani, jua limekwisha kuchwa. Mara ua wote ukawa mweupe, vivuli vya nguzo vikatembea chini kama watu. Tulipoinua macho tukaona kimondo kikubwa, rangi yake kama majani mabichi, kikipita toka mashariki na kumwaga cheche. Kikazimika. Kadiri ya dakika mbili baadaye ikaja ngurumo, wala wingu hatukuliona. Twakiri ya kuwa sisi wenyewe, tulio walimu, tulishikwa na hofu.

Kwa jirani yetu palikuwa na mtoto mwenye homa kali. Bibi yake akasema, "Nyota imeanguka, mgonjwa wetu haponi tena." Basi machela iliyokuwa tayari kumpeleka hospitali ikawekwa chini.

Tukaenda, tukamwamkia, tukasema, "Bibi, ile si nyota, wala haimjui mtoto huyu." Maana nyota zote zi mahali pake. Kimondo ni jiwe au chuma kitokacho mbali angani, kikaingia katika hewa yetu kwa mwendo upitao kilometa 11 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake husongwa hata ikapata moto mkali, nacho huwaka na kuyeyuka. Sauti huifuata nuru polepole, kilometa 1 kwa sekunde 3. Kwa hiyo ngurumo ile ilitoka kadiri ya kilometa 40.

Huko Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe ya namna hii yalianguka mchana kama mvua. Moja dogo, lisilofika gramu 4, lilipita katika majani ya mgomba likampiga mvulana kichwani, wala hakuumia. Lakini wako watu walioyasaga mawe hayo wakidhani ni dawa ya UKIMWI. Basi mmoja hulihofu jiwe, na mwingine hulitumainia, na wagonjwa wa wote wawili hukosa tabibu.

Bibi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, washeni taa." Tukaibeba machela usiku ule ule. Daktari alituambia ni malaria, na ya kuwa kungoja asubuhi kungalikuwa kuchelewa.

Nanyi mkiona kimondo, hesabuni sekunde hata ngurumo ije, mkawaeleze watoto. Na kama mna mgonjwa nyumbani, msiiweke machela chini.