Marekani: Fedha za Usalama Zimfikie Anayezima Moto



Tarehe 11 Septemba 2001 magaidi waliteka ndege za abiria na kuzigongesha kwenye majengo mawili marefu ya New York. Katika mashambulizi ya siku ile walikufa watu karibu 3,000. Miongoni mwao walikuwamo askari wa zimamoto 343 wa mji huo. Hao walikuwa wafanyakazi kama sisi, wenye mishahara na chama chao. Walipanda ngazi wakati wenzao wanashuka kuokoa roho zao. Polisi waliokuwa juu kwenye helikopta walitoa onyo kwamba jengo linaelekea kuanguka. Lakini redio za upepo za polisi na za zimamoto hazikuwa zikisikilizana, na wengi hawakulipata onyo lile.

Msiba huo ulionyesha jambo moja wazi. Hatari inapotokea, wa kwanza kufika si waziri wala gavana. Ni askari wa zimamoto, mwuguzi na dereva wa gari la wagonjwa, watumishi wa mji wenyewe.

Mwaka 2002 Marekani ilipitisha sheria ya kuunda Wizara ya Usalama wa Ndani. Ilianza kazi mwaka 2003, ikakusanya idara 22 chini ya paa moja. Wizara hii hutoa ruzuku za kununulia redio na mavazi ya kinga, na za kulipia mafunzo na mazoezi. Lakini Marekani ina majimbo 50, na nyingi ya ruzuku hizo hupitia kwanza kwenye serikali ya jimbo, kisha ndipo zishuke kwenye miji na wilaya.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 2003 na 2004 mameya walilalamika kwamba fedha zinakwama kwenye majimbo, na huku miji inatumia fedha zake yenyewe kulinda raia. Majimbo nayo yalijibu kwamba lazima uwepo mpango mmoja. Kila mji ukinunua redio yake, mji wa jirani hautasikia. Twaona kila upande ulikuwa na haki yake.

Dawa yao ilikuwa kuandika hesabu ndani ya sheria. Katika kila dola 100 za ruzuku kuu ya majimbo, jimbo lazima lipeleke zisizopungua 80 kwa serikali za mitaa, tena katika siku 45. Jimbo likitaka kushika fungu la mji na kulitumia kwa niaba yake, mji wenyewe lazima ukubali kwa maandishi.

Hata hivyo taabu hazijakwisha. Mara nyingi mji hutakiwa kununua kwanza kwa fedha zake, ndipo urudishiwe. Mji mdogo wenye mfuko mtupu utanunua kwa nini? Tena, mwaka 2025 majimbo kadhaa yaliishitaki Serikali kuu kwa kuyapunguzia ruzuku. Yalidai kuwa yanaadhibiwa kwa kukataa kusaidia kuwakamata wahamiaji. Mkono unaotoa waweza pia kushika fimbo.

Ndugu, msiseme hayo ni mambo ya mbali. Twakumbuka kiwanda kimoja cha kuchambua pamba tulichokitembelea. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imenunuliwa, lakini ilifungiwa stoo, na ufunguo alikuwa nao bwana stoo, naye amekwenda mjini. Moto ulipowaka kwenye marobota, wenzetu waliuzima kwa ndoo na magunia yaliyoloweshwa maji. Mmoja aliungua mikono yote miwili. Katika vitabu vya kampuni, fedha za usalama zilikuwa zimetumika barabara.

Kwa hiyo, mkutano wa tawi ujao, msiridhike kuambiwa tu kwamba fedha za usalama zipo. Ulizeni: ni kiasi gani kimefika hapa kwetu? Kilifika lini? Nani alikaa mezani kuamua kinunuliwe nini, na mfanyakazi alikuwepo? Na ufunguo wa stoo uko kwa nani zamu ya usiku? Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha tawi, na mkutano unaofuata muanze kwa kuyasoma.